Ni Nani Aujuaye Ustawi wa Mji?

Mtu akiingia katika mji mkubwa kwa mara ya kwanza, aghalabu huutolea hukumu kabla hata hajautua mzigo wake. Akiona majengo marefu, maduka yenye taa na barabara pana, husema mji huu umestawi. Akiona mitaro michafu na watoto wasio na viatu, husema mji huu umeharibika. Hukumu zote mbili ni za mpita njia. Wahenga wetu walitufundisha kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi twaitumia methali hiyo kila siku katika mambo madogo ya nyumbani. Lakini katika jambo kubwa kama maisha ya mji mzima twaisahau.

Swali tunalotaka kulitazama hapa ni hili: Ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mji umestawi? Je, ni yule auhesabuye, au yule aujengaye, au yule akaaye ndani yake? Huenda ukadhani kuwa hilo ni swali la wachumi peke yao. Kwa hakika ni swali la maadili, kwa kuwa kila hukumu juu ya ustawi wa mji hufuatwa na amri juu ya watu: nani abaki, nani ahame, nyumba ipi ivunjwe na ipi ijengwe.

Ili tusizungumze hewani, tuuchukue mji mmoja, nao ni London, mji mkuu wa Uingereza, na hasa upande wake wa mashariki.

Mji uliobadilika

Kwa muda mrefu London ya Mashariki iliishi kwa bandari. Meli zilileta chai, sukari, pembe na mbao kutoka pande zote za dunia, na maelfu ya watu walikula kwa jasho la kupakua na kupakia. Kisha zikaja meli kubwa za makontena zilizohitaji maji ya kina kirefu, na kati ya mwaka 1967 na 1981 magati yale ya kale yalifungwa moja baada ya jingine. Kazi zikaondoka, watu wakabaki. Wengine wakaja kutoka Bangladesh, Karibi, Afrika na kwingineko, wakaufanya mtaa ule kuwa nyumbani kwao.

Mwaka 2005 London ilipewa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, na mahali palipochaguliwa ni Stratford, katika upande huo huo wa mashariki. Mwaka 2009 halmashauri tano za eneo hilo zilitoa ahadi kubwa, kwamba katika muda wa miaka ishirini wakazi wake watakuwa na nafasi zile zile za maisha walizo nazo watu wengine wa London. Basi kazi ikafanyika. Ardhi iliyochafuliwa na viwanda ilisafishwa, bustani kubwa ikapandwa, soko kubwa la kisasa likafunguliwa mwaka 2011, na kijiji cha wanamichezo kikageuzwa kuwa mtaa wa nyumba 2,818, karibu nusu yake zikitengwa kwa pango lililo chini ya lile la sokoni. Haya si madogo, na mtu mwadilifu hatayakana.

Lakini mwadilifu huyo huyo hana budi kusikiliza na upande wa pili. Kabla ya bustani ile kulikuwa na makazi ya ushirika yaitwayo Clays Lane, wakaapo zaidi ya watu 400. Mwaka 2007 yalivunjwa ili kupisha michezo. Jirani na hapo kuna mtaa wa halmashauri wa Carpenters, uliokuwa na nyumba takriban 700. Wakazi wake walianza kuhamishwa miaka kadhaa kabla ya michezo, na nyumba nyingi zikakaa tupu. Mwaka 2013 akina mama vijana waliokuwa wakiishi katika hosteli moja ya Stratford walipewa notisi ya kuhama, wakaambiwa kwamba huenda wangepata nyumba katika miji ya mbali kama Manchester, Birmingham au Hastings. Mwezi Septemba mwaka 2014 akina mama hao waliingia katika nyumba tupu za Carpenters, wakakaa humo kwa muda wa majuma mawili, ili ulimwengu uone kwamba nyumba zipo na wasio na nyumba wapo.

Sasa tafakari, msomaji. Mpita njia asimamaye katika bustani ile atasema mji umestawi. Mama aliyeambiwa aende mji asiomjua mtu atasema nini? Nao wote wawili wanautazama mji mmoja.

Waliohesabu na wasioulizwa

Si kwamba watu wa London ya Mashariki hawakuwahi kuchunguzwa. Pengine ni watu wachache sana duniani waliochunguzwa kama wao. Kuanzia mwaka 1886 hadi 1903 tajiri mmoja wa meli, Charles Booth, alitumia mali yake kuchunguza umaskini wa London, naye alianza na mashariki. Alichora ramani, akaupaka kila mtaa rangi kwa kadiri ya hali ya wakazi: manjano kwa matajiri, na nyeusi kwa wale aliowaona kuwa wa chini kabisa. Alipohesabu aliona kwamba katika London ya Mashariki watu 35 katika kila 100 walikuwa katika umaskini.

Hesabu hiyo ilileta kheri. Booth mwenyewe alipigania malipo ya uzeeni, na sheria ya malipo hayo ilipitishwa mwaka 1908. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba kuhesabu hakuna faida. Lakini tazama ni kwa njia gani aliupata ujuzi wake. Kwa sehemu kubwa aliwauliza wakaguzi wa mahudhurio ya watoto shuleni, na wasaidizi wake walitembea mitaani pamoja na askari polisi. Basi mtaa ulipakwa rangi nyeusi kwa ushahidi wa mkaguzi na wa polisi. Mama aliyekuwa ndani ya nyumba ile aliandikwa bila kuulizwa ni rangi gani angeipaka yeye.

Mambo hayakutofautiana sana katika kupima ustawi wa mataifa. Pato la taifa lilipoanza kuhesabiwa kwa utaratibu nchini Marekani, mchumi Simon Kuznets, aliyeiongoza kazi hiyo, alilionya Bunge la nchi yake mwaka 1934 kwamba hesabu ya pato haitoshi kuonyesha hali njema ya watu. Aliyeitengeneza mizani ndiye aliyetuambia kwamba haipimi kila kitu. Hata hivyo wakuu wengi waliipenda mizani, wakaliacha onyo.

Mkazi kuwa mtafiti

Mwaka 2014 ilianzishwa katika University College London, yaani UCL, taasisi ya kuchunguza maana ya ustawi. Aliyeiongoza ni mwanaanthropolojia Henrietta Moore, ambaye hapo kabla aliwahi kufanya utafiti miongoni mwa Wamarakwet wa Kenya. Kuanzia mwaka 2015 taasisi hiyo ilifanya jambo ambalo Booth hakulifanya. Iliwatafuta wakazi wa kawaida wa mitaa iliyoizunguka bustani ya Olimpiki, ikawafundisha kazi ya utafiti: namna ya kuuliza swali lisilomwongoza mjibuji, namna ya kusikiliza, kuandika, kulinda siri ya mtu, na kuyapambanua majibu. Watu hao sisi tutawaita wakazi watafiti. Kinachowapa nafasi hiyo si cheti cha chuo wala hati ya uraia. Ni kule kukilalia kitanda chenyewe.

Walikwenda kwa majirani zao, nao hawakuanza kwa kuwauliza mshahara. Waliwauliza: Maisha mema kwako ni yapi? Nini kinakuzuia kuyafikia?

Majibu yalikuwa na mafundisho. Watu hawakusema kwamba ustawi ni utajiri. Waliyaweka mbele mambo yanayompa mtu uhakika: kazi inayoaminika na yenye malipo ya kutosha, nyumba ambayo pango lake analiweza na ambayo hataondolewa ghafula, kuzifikia huduma za afya, elimu na usafiri, na kuhesabiwa kuwa mmoja wa jamii. Kutokana na majibu hayo kukatengenezwa vipimo vipya vyenye mafungu matano: misingi ya maisha, nafasi na matarajio, sauti na uwezo wa kuathiri maamuzi, kuwa na kwenu, pamoja na utamaduni, na afya pamoja na mazingira safi. Vipimo hivyo vilijaribiwa mwaka 2017 katika maeneo matano ya London ya Mashariki, na mwaka 2021 ukaanza utafiti wa miaka kumi, utakaoendelea hadi 2031, katika maeneo 15.

Angalia tofauti. Katika daftari la serikali mtu mwenye kazi huandikwa kuwa ana kazi, yakaisha. Lakini jirani yake ajua kwamba kazi ile ni ya saa zisizojulikana, kwamba pango limepanda mara mbili, na kwamba kila mwisho wa mwaka mtu huyo hulala macho akingojea barua ya mwenye nyumba. Daftari halikusema uongo. Halikuulizwa swali lenyewe.

Pingamizi tatu

Hapana budi sasa tuyakabili maswali ambayo mtu mwenye akili atayauliza.

La kwanza: Je, mkazi wa kawaida anaweza kufanya kazi ya elimu bila upendeleo? Si ataandika yampendezayo yeye na rafiki zake? Jibu ni kwamba hatari hiyo ipo, lakini haiko kwa mkazi peke yake. Mkaguzi naye alikuwa na upendeleo wake, na polisi alikuwa na wake. Dawa ya upendeleo ni mafunzo, ni kuuliza watu wengi badala ya mmoja, na ni kuyalinganisha maneno ya wakazi na hesabu pana zinazochukuliwa kwa utaratibu. Daktari ana vipimo vyake, lakini kwanza humwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Tabibu asiyeuliza hilo, hata akiwa na vipimo vya thamani, huenda akatibu mguu ulio mzima.

La pili ni zito zaidi, nami naliweka wazi mbele yako. Chuo kile kile cha UCL, kabla ya kuianzisha taasisi hiyo, kilikusudia pamoja na halmashauri ya Newham kujenga kampasi yake palipo na mtaa wa Carpenters, mahali pa nyumba za watu. Mpango huo ulitangazwa mwaka 2011, ukapingwa vikali na wakazi, na mwezi Mei mwaka 2013 ukavunjika. Baadaye chuo kilijenga ndani ya bustani, na majengo ya kwanza yakafunguliwa mwaka 2022. Basi mtu atauliza: Aliyetaka kuchukua nyumba yangu jana, leo aja kuniuliza maisha mema ni yapi, je, nimwamini?

Sitakujibu kwa wepesi. Shaka hiyo ni halali. Kuuliza kunaweza kuwa heshima, na kunaweza kuwa hila. Wapo waulizao ili wapate kuandika kwamba walishauriana na watu, na baada ya hapo hufanya kile walichokwisha kukiamua. Tena yawezekana kabisa kwamba watafiti walioketi na wakazi walikuwa na nia safi, na huku wakuu wa mipango wana nia nyingine. Twapaswa kupima kwa matendo. Je, aliyeulizwa alirudishiwa matokeo? Je, jasho lake lililipwa? Je, kuna uamuzi hata mmoja uliobadilika kwa sababu ya neno lake? Katika mtaa wa Carpenters, mwezi Desemba mwaka 2021, wakazi walipewa kura juu ya mpango mpya wa kuujenga upya mtaa wao, na wengi wa waliopiga kura waliukubali. Kura hiyo haikuwarudisha waliokwisha hamishwa. Lakini kati ya mpango uliotangazwa juu ya vichwa vya watu na mpango uliongojea kura yao kuna tofauti ambayo hakuna mwadilifu atakayeidharau.

La tatu latoka kwa watu wa dini. Watasema: Ustawi wa kweli ni wa moyo. Maskini mwenye kinaa ni tajiri. Kwa nini tujisumbue na pango na mishahara? Ndugu msomaji, kinaa ni fadhila kubwa, lakini jihadhari usiitumie mahali pasipo pake. Kinaa ni dawa ambayo mtu hujinywesha mwenyewe. Mtu akimhubiria kinaa jirani yake anayefukuzwa katika nyumba, na huku yeye amejifunika blanketi lake, hajafundisha dini. Ameiazima dini ili afunge mlango. Mwito wa sala husikika mara tano kwa siku katika miji mingi ya pwani yetu, na wenye kuujua wanajua kwamba ndani yake watu huitwa kwenye sala na huitwa pia kwenye kufaulu. Tena mwito huo hutolewa kwa sauti kuu, juu ya mtaa mzima. Haumwiti mtu mmoja kwa siri aende akafaulu peke yake.

Mfano wa karibu yetu

Huenda mkazi wa Afrika Mashariki akasema: Hayo ni ya Wazungu na michezo yao. La. Njia hiyo hiyo imeletwa Dar es Salaam. Watafiti wa taasisi tuliyoitaja, pamoja na shirika la Kitanzania la Centre for Community Initiatives na wakazi wenyewe, waliuliza maswali ya namna hiyo katika Mji Mpya, Bonde la Mpunga na Keko Machungwa, nao walichapisha matokeo mwaka 2020. Hapo hawakuweza kulihamisha neno la Kiingereza jinsi lilivyo. Iliwabidi waulize Mswahili analiitaje jambo hilo katika lugha yake.

Nasi tuna maneno yetu, kama vile maisha bora. Neno hilo tumelisikia sana. Lilipandishwa jukwaani katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 2005, likabandikwa ukutani na kuimbwa barabarani. Neno likiimbwa mno bila kuulizwa maana yake huwa kama sarafu iliyofutika: kila mtu hudai ni yake, wala hakuna ajuaye thamani yake. Mwenye mtaa wenye mafuriko alipoulizwa kwa utulivu maisha bora ni nini, hakutaja fedha peke yake. Na jina la Bonde la Mpunga lenyewe laonyesha kwamba pale maji yalikuwa mwenyeji kabla ya watu. Atakayetengeneza mtaro hapo bila kumwuliza mkazi maji hupita wapi usiku wa masika, atatengeneza mara mbili.

Hilo laonekana pia katika kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walitembea mitaani wakichora nyumba, mifereji na mahali mafuriko yafikapo. Katika ramani nyingi za zamani mitaa hiyo ilikuwa nafasi tupu. Mahali waishipo maelfu ya watu paliachwa weupe, kana kwamba hapana mtu. Walioijaza nafasi hiyo ni wale waliokuwa wakiishi ndani yake.

Wajibu wa mwenye kusikia

Tufikie mwisho wa maneno yetu. Tuliuliza ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mji umestawi. Tumeona kwamba mwenye kuhesabu ana sehemu yake, na mwenye kujenga ana sehemu yake. Lakini ushahidi wao haukamiliki mpaka akaaye ndani aitwe, aulizwe, na afundishwe kupima pamoja nao. Mwenye kumnyima jirani nafasi hiyo amemdhulumu kabla hata hajamgusa mali yake, kwa kuwa amemfanya kuwa kitu cha kutazamwa.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo zito kwako na kwangu. Aliyemwuliza jirani yake akasikia, hawi tena kama alivyokuwa. Kabla ya kuuliza aliweza kusema, Sikujua. Baada ya kuuliza, lile jibu limekuwa amana mikononi mwake. Mtu akikuambia kwamba anaogopa barua ya mwenye nyumba, na ukaliandika neno lake katika daftari zuri, ukaenda zako, umemfanyia vibaya kuliko yule ambaye hakubisha hodi. Jambo hili lawahusu wakuu wa vyuo na halmashauri, na lawahusu pia viongozi wa dini, ambao kila juma husimama mbele ya watu kuwaeleza mahitaji ya roho zao bila kuwauliza wameamkaje.

Wewe huenda huna chuo wala halmashauri. Pengine umeingia mji mgeni juzi tu, ukitafuta kazi, au ukweli, au vyote viwili. Lakini una mlango, na kando ya mlango wako kuna mlango mwingine. Je, wajua aliye nyuma yake anaogopa nini mwisho wa mwezi? Usinijibu mimi. Bisha hodi umwulize, nawe uwe tayari kwa jibu lake, kwani linaweza kukugharimu.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya kusikia majirani zetu, na mikono isiyokimbia kile ambacho masikio yamekisikia. Amin.